Bangili Iliyomzoea Mwasiti

Si zamani za kale, wala si mbali. Ni juzi juzi hapa, katika nchi ambayo jina lake tutaliacha lipumzike, maana limefanya kazi nyingi kwenye mabango. Nchi hiyo ilikuwa na bendera, wimbo na wizara kumi na tisa, na watu wake walikuwa na wasiwasi.

Wasiwasi huo uligunduliwa na Serikali. Wananchi walikuwa nao siku zote, lakini kwa kuwa hawakuwa na vipimo, haukuhesabiwa. Ikaundwa Tume. Tume ikazunguka mikoani miezi minane, ikala, ikasikiliza, ikala tena, ikarudi na ripoti nene iliyosema kwamba watu saba katika kila kumi wana wasiwasi, na vyanzo vyake ni vinne: maji hayatoki, dawa hazipo, walimu hawatoshi na watoto wanaumwa. Baraza likakaa siku mbili. Wataalamu wakaeleza kwamba kurekebisha maji, dawa, walimu na watoto kungechukua miaka arobaini na mmoja. Kurekebisha wasiwasi kungechukua wiki sita.

Basi wakachagua wasiwasi.

Ndivyo ilivyozaliwa Wizara ya Utulivu, ya ishirini kwa kuzaliwa na ya kwanza kwa majengo, na ndivyo zilivyokuja bangili. Zilikuwa nyeusi, laini kama ukanda wa kandambili, zenye kioo kidogo cha kung'aa. Mtu akivishwa, bangili inajifunga yenyewe mkono wa kushoto, na haivuliki ila kwa ufunguo wa Wizara. Inasikiliza moyo, jasho na pumzi, kisha inatoa rangi. Kijani ni mtulivu. Manjano ni mtu wa kuangaliwa. Nyekundu ni mwenye wasiwasi, na hapo inatoka sauti ya kike, sauti ya mpwa wa Waziri ambaye aliwahi kusoma tangazo la sabuni. Inasema: "Mpendwa mwananchi, vuta pumzi. Hakuna tatizo. Toa pumzi. Halikuwepo."

Siku ya uzinduzi Waziri wa Utulivu alisimama jukwaani na suti ya kijani. "Ndugu wananchi," akasema, "mataifa mengine bado yanahangaika kutibu magonjwa. Sisi tumeshavuka hatua hiyo. Tunatibu hofu ya magonjwa, ambayo kwa muda mrefu ndiyo imekuwa ikijaza hospitali zetu." Watu wakapiga makofi. Bangili zikasikia mioyo imechangamka, uwanja mzima ukawa mwekundu, na sauti elfu kumi za mpwa wa Waziri zikasema kwa pamoja kwamba hakuna tatizo. Tangu siku hiyo makofi yakafutwa katika shughuli za kitaifa. Mtu akifurahishwa na hotuba anainamisha kichwa taratibu, mara mbili.

Sheria ikafuata. Kifungu cha tisa kilisema kwamba mwenye rangi nyekundu asihudumiwe katika ofisi, shule wala hospitali yoyote ya umma, kwa kuwa wasiwasi huambukiza watumishi.

*

Katika Mtaa wa Mabanda Saba alikuwepo fundi cherehani mmoja, mama kijana, jina lake Mwasiti. Alikuwa akishona sare za shule. Mumewe alifariki mtoto wao akiwa bado anatambaa, na mtoto huyo, Mishi, sasa alikuwa na miaka mitano, mwenye maswali mengi kuliko meno. Watoto wa chini ya miaka saba hawakuvishwa bangili, kwa maelezo kwamba bado hawajui nchi inavyokwenda.

Mishi alianza kwa koo. Koo likapona, homa ikabaki. Kisha goti la kulia likavimba, likapoa, na uvimbe ukahamia la kushoto, kama mtu anayehama nyumba kidogo kidogo. Asubuhi moja akashindwa kusimama. Mwasiti akambeba mgongoni mpaka hospitali.

Langoni alisimama Afisa Utulivu, msichana wa rika lake, Rozalia, glavu nyeupe mikononi.

"Karibu, dada," Rozalia akasema kwa sauti ya kufundishwa. "Naomba mkono."

Mwasiti akatoa mkono. Nyekundu, kama pilipili.

"Dada yangu, hapa huwezi kupita."

"Mtoto anaumwa."

"Naona. Lakini mtoto hana tatizo na sheria. Mwenye tatizo ni wewe."

"Nimekuwa nyekundu kwa sababu mtoto anaumwa. Akitibiwa nitakuwa kijani. Nakuomba unielewe."

"Nakuelewa sana. Sasa nikuache uingie hivyo ulivyo, ukamwage huo wasiwasi kwa daktari, naye atamtibu nani? Nenda Banda la Pumzi, ukipoa urudi. Mimi sitoki hapa."

Banda la Pumzi lilikuwa pembeni ya lango, mabenchi ishirini na skrini moja kubwa. Kwenye skrini kulikuwa na maporomoko ya maji, meupe, mazito, yanamwagika mchana kutwa bila kukoma, ili kuwatuliza watu. Waliokaa pale wengi walitoka mitaa ambayo mabomba yake yalikauka tangu mfungo uliopita.

"Yale ni wapi?" akauliza mama mmoja mwenye ndoo.

"Nchi nyingine."

"Na yanamwagika tu hivyo? Hakuna anayekinga?"

Benchi zima likawa jekundu.

Mwasiti alikaa pale siku tatu. Alivuta pumzi mpaka kizunguzungu. Kila akielekea kuwa manjano, Mishi alikuwa akigeuza kichwa mgongoni na kuguna, nayo bangili inawaka. Siku ya tatu akamwuliza mama mwenye ndoo, ambaye mumewe alikuwa ndani akitibiwa, alifanikiwa vipi kumwingiza.

"Sikumwingiza mimi," yule mama akajibu. "Mimi nampenda. Ameingizwa na mtu asiyemjua."

Na kweli, watu walikuwa wameshaanza kubadilishana wagonjwa. Kila asubuhi nje ya lango ungesikia: "Nani ana mzee wa presha? Mimi nina mtoto wa kuhara." Mnapeana. Mtu anaingia na mgonjwa asiyemhusu, moyo baridi, bangili kijani, na wako anaingizwa na mwingine vivyo hivyo. Taabu yake ni moja. Foleni ilikuwa ndefu, na mpaka saa sita mtu alikuwa ameshajua jina la mgonjwa aliyempokea, na chakula anachokipenda, na saa saba anafika langoni naye amekuwa nyekundu. Kwa hiyo waliotafutwa hasa walikuwa wale wasiompenda mtu yeyote. Nao si wengi kama tunavyofikiri.

*

Mabanda Saba walikuwa naye mmoja. Mzee Shomari, karani mstaafu wa mahakama, alisoma hukumu kwa sauti miaka thelathini na mmoja bila sauti hiyo kupanda wala kushuka. Siku aliyosoma hukumu ya kumtoa kaka yake mwenyewe kwenye kiwanja, alifika mwisho, akakunja karatasi, akasema "shauri linalofuata." Alikuwa kijani tangu bangili ilipomgusa. Watu walisema hata akilala husinzia kwa utaratibu wa kiofisi. Ua wake ulipakana na wa Mwasiti, ukuta mmoja katikati, na kwa miaka sita walikuwa wamesemezana mara nne.

Mwasiti akagonga.

"Shikamoo, Mzee Shomari."

"Marahaba. Kama ni sukari, imekwisha."

"Si sukari. Nakuomba unipelekee Mishi hospitali."

"Sipendi watoto."

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

Mzee akamtazama juu ya miwani. "Hoja hiyo ina mashiko," akasema, akaenda kutafuta viatu.

Aliporudi jioni alitoa taarifa akiwa amesimama. "Mtoto ameonwa. Daktari anasema ugonjwa ulianza kooni, ukashika magoti, na ukiachwa unahamia moyoni. Ukishakaa huko hautoki. Dawa ni sindano moja kila baada ya wiki nne, kwa miaka, pasipo kuruka hata moja. Sindano ya kwanza imechomwa saa nane na dakika kumi. Mtoto alilia. Nilimwambia kulia hakubadilishi kitu. Akanyamaza, kisha akalia tena."

"Ahsante, baba."

"Usiniite baba. Nitakuwa manjano."

Sindano ya pili ilikwenda salama. Lakini mwezi ule magoti ya Mishi yalikuwa yamepona, akawa anapita kwa Mzee kila mchana kumwuliza habari za mahakamani. Kwa nini hakimu anavaa gauni? Mwizi akisema samahani mnafanyaje? Mzee akamtengenezea drafti kwa vifuniko vya chupa ili anyamaze, na Mishi akawa anacheza na kuuliza kwa wakati mmoja.

Siku ya sindano ya tatu walikuwa kwenye foleni, watu watatu tu mbele yao, Mishi akasema: "Babu, wewe ukiumwa utapelekwa na nani?"

"Na mtu yeyote. Mimi hakuna atakayekuwa nyekundu kwa ajili yangu."

Mishi akafikiri. Akakunja uso, akahesabu jambo kwa vidole.

"Basi mimi sitaweza kukupeleka," akasema.

Mzee Shomari akatoa leso, akafuta miwani, akaivaa, akaivua akaifuta tena. Walipofika langoni Rozalia akaomba mkono, na sauti ya kike ikasema mpendwa mwananchi, vuta pumzi. Mzee akageuka nyuma kuangalia nani anayeambiwa.

*

Alimrudisha Mishi bila sindano. Alisimama mlangoni kwa Mwasiti ameinama.

"Nimekuharibia," akasema. "Sikujua kama bado ninaweza."

Mwasiti hakuweza kumkasirikia. Akatafuta wengine. Wiki ya kwanza akabadilishana na mwanamke mwenye mgonjwa wa jicho, lakini Mishi alimsalimia yule mwanamke vizuri mno. Wiki ya pili akamkabidhi kwa dereva mmoja mkali, naye akarudi nusu ya njia akisema huyu mtoto ameniuliza kama mama yangu yu hai. Wiki ya tatu Mishi akaanza kuhema. Kutoka mlangoni mpaka kwenye kamba ya nguo, hatua kumi na mbili, alisimama mara mbili, akashika kiuno kama bibi kizee, akamwambia mama yake, "Nakuja, nangojea pumzi."

Ile "nangojea pumzi" ndiyo iliyomfanya Mwasiti aamue kumpeleka mwenyewe. Alikuwa amejifunza kuhesabu mishono kichwani, amejifunza kutazama ukuta. Asubuhi akampiga Mishi mswaki, akamvisha gauni la kitambaa cha sare, akachutama mbele yake.

"Leo tutacheza mchezo. Mpaka tufike kwa daktari, mimi si mama yako. Mimi ni jirani tu, nimekusindikiza."

"Nitakuita nani?"

"Jirani."

"Na wewe usinipende mpaka tufike ndani," Mishi akasema, kwani alikuwa ameshaijua sheria kuliko Baraza.

"Haya. Sikupendi."

"Sasa nitajuaje mchezo umeisha?"

Mwasiti alikuwa anafunga kifungo cha gauni, na mawazo yalikuwa langoni. Akaonyesha mkono wake. "Hii bangili ikiwa nyekundu kama kila siku, ujue mimi ni mama yako tena. Ikiwa kijani, bado tunacheza."

Kosa lilikuwa hapo, dogo kama tundu la sindano, na hakuliona. Nani angeliona? Katika nchi ile kila mtu alikuwa ameshazoea kuuliza bangili kabla ya kuuliza uso.

Njia nzima moyo wake ulipiga kama cherehani kwenye pindo refu. Alihesabu mishono akapotea, akaanza upya, akapotea. Langoni akafumba macho, akatoa mkono.

"Hongera, dada," akasema Rozalia.

Akafumbua. Kijani. Kijani cha jani la mgomba baada ya mvua. Kwenye kioo yalikuwa yanapita maneno madogo: *Siku tisini zimetimia. Bangili imekuzoea. Hali yako ya kila siku sasa ndiyo kawaida yako. Karibu katika utulivu.*

Mwasiti akaweka kiganja kifuani. Cherehani ilikuwa palepale, inakimbia vilevile. Moyo wake haukuwa umeshuka hata hatua moja. Mashine ndiyo iliyopanda ikamfuata huko juu, ikakaa naye, ikaona ndiko nyumbani.

*

Daktari alikuwa kijana mwenye macho ya usingizi, na bangili yake aliifunika kwa plasta. Alisikiliza kifua cha Mishi muda mrefu, akauliza, "Sindano ya tatu ilikuwa lini?"

"Hakuipata."

"Kwa nini?"

"Tulimkosa mtu asiyempenda."

Daktari hakucheka. Alisema moyo umeguswa, si sana, lakini umeguswa, na Mishi atalazwa wiki sita. Akageukia kompyuta kujaza fomu. Akajaza jina, umri, mtaa. Alipoandika *mama mzazi*, kompyuta ikapiga mlio, ikafuta, ikaandika yenyewe: *Utulivu wa kiwango hiki hauoani na uzazi. Msindikizaji amesajiliwa: JIRANI.*

"Mimi ni mama yake," Mwasiti akasema.

"Najua. Mnafanana mpaka masikio." Daktari akavuta kiti karibu, akashusha sauti. "Sikiliza, dada. Wizara ina takwimu zake. Mama wa mtoto aliyelazwa huwa nyekundu, asilimia mia moja. Wewe ni kijani. Nikibishana na hii mashine, itaita walinzi, na wewe na mtoto mtatoka kabla sijafungua dawa. Kitanda kipo kimoja. Nikuandikeje?"

Mwasiti akamtazama Mishi. Mishi alikuwa amekaa juu ya kitanda, miguu inaning'inia, midomo imebana kwa kuzuia kicheko, anafurahia jinsi mchezo ulivyowapata hata wakubwa.

"Andika jirani," Mwasiti akasema.

Majirani watulivu waliruhusiwa kutembelea wagonjwa kila Alhamisi. Mwasiti hakukosa hata moja. Alileta uji kwenye chupa na vitambaa vya rangi. Kila akifika, kitu cha kwanza alichotazama Mishi kilikuwa bangili. Kisha anatikisa kichwa kwa siri, kama mlinzi aliyethibitisha neno la kupitia.

"Jirani, hujambo?"

"Sijambo. Unaendeleaje?"

"Nimekula yai. Mama yangu akija umwambie nimekula yai."

"Nitamwambia."

Wauguzi wakamsifia mtoto kwa adabu yake. Mwasiti alikuwa akitoka pale, anapita lango, anafika nyuma ya Banda la Pumzi, anajiinamia. Bangili ilikuwa kijani wakati wote.

*

Wiki sita zikaisha. Mishi akanenepa mashavu, akawa anakimbia wodini mpaka akakatazwa. Lakini mtoto haruhusiwi kutoka ila kwa mzazi, na mzazi huthibitishwa katika Ofisi ya Uthibitisho wa Uzazi, chini ya Bwana Sekibo, mtu mnene, mpole, aliyependa haki.

Mwasiti akamwekea mezani cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki yenye uzito wa Mishi mwezi kwa mwezi, na kitambulisho cha hospitali cha siku ya kujifungua, kimekunjika, kina doa la mafuta ya nazi.

Bwana Sekibo akavisogeza pembeni kwa kidole. "Karatasi, dada yangu, mtu anaweza kuchapisha. Moyo hauwezi kuchapishwa. Utakaa pale mbele ya kioo, mtoto ataletwa upande wa pili, mtatazamana dakika kumi. Ukiwa nyekundu, wewe ni mama. Ni jambo la sekunde kwa mama wa kweli."

"Bangili yangu imenizoea, kaka. Mimi siku zote ni nyekundu, ila yenyewe haioni."

"Kila asiye mama huniambia hivyo," akasema kwa huruma.

Wakamleta Mishi, na kibegi chake mgongoni. Kioo kilikuwa kizito, sauti haipiti. Mwasiti akaweka viganja juu ya kioo, akatamka taratibu, kwa midomo: *Mchezo umeisha.* Akarudia. *Mchezo umeisha, Mishi. Mimi ni mama.*

Mishi akatazama midomo. Kisha akatazama mkono, palipokuwa kijani. Akatabasamu tabasamu la mtu anayejaribiwa na asiyedanganyika.

Muuguzi akainama kumwuliza, na kwa upande huu kipaza sauti kikalileta jibu, safi, la kujivunia:

"Huyu ni jirani."

Mwasiti alihisi moyo unataka kupanda. Lakini ungepanda uende wapi? Ulikuwa darini kwa miezi. Uligonga dari pale pale, ukagonga, ukagonga, na kioo kidogo mkononi kikaendelea kung'aa kijani mpaka dakika ya kumi.

Bwana Sekibo akagonga muhuri. Akampa na cheti cha Jirani Bora.

Mzee Shomari alikuwa kwenye benchi la nje. Alikuja ili kubeba kibegi. Alipoona wanamrudisha Mishi ndani aliinuka, akafika mlangoni, akasema, "Samahani, huyo mtoto mnampeleka wapi?" na kabla hajamaliza swali ofisi nzima ilisikia sauti ya kike ikimsihi avute pumzi. Alikuwa mwekundu mpaka kioo kinatoa moto.

Bwana Sekibo akasimama. Akaiangalia ile rangi kwa heshima. "Kwa nini hukusema mapema?" akamwuliza.

"Kusema nini?"

"Kwamba wewe ndiye mama."

Mzee alisoma hukumu miaka thelathini na mmoja, na zipo alizozijua kuwa ni za uongo. Akamtazama Mwasiti. Mwasiti akainamisha kichwa taratibu, mara mbili.

"Ndimi," akasema Mzee.

Fomu ilijazwa palepale. *Mama mzazi: Shomari Athmani. Umri: sitini na saba. Alijifungua: ndiyo.* Akapangiwa kuhudhuria kliniki ya wanaonyonyesha kila Jumanne, na alihudhuria, kwa kuwa hajawahi kupuuza wito.

*

Mwaka huo ilifanyika Siku ya Ukijani wa Taifa. Waziri alitangaza kwamba wananchi tisini na tisa katika kila mia sasa ni kijani, jambo ambalo halijapata kutokea popote. Alisema maji bado hayatoki, dawa bado hazipo, na hata hivyo nchi nzima imetulia, na huo ndio ushahidi kwamba tatizo halikuwa maji. Uwanja mzima ukainamisha vichwa taratibu, mara mbili. Ungeweka sikio chini ungesikia ardhi inatetemeka kwa mioyo yao, lakini sheria haikumtaka mtu aweke sikio chini.

Mishi sasa alilala kwa Mzee Shomari, kwa sababu mkaguzi wa Wizara huweza kuja saa yoyote kuona mama na mtoto. Wiki ya kwanza tu Mzee akavunja tofali za ukuta uliogawa nyua mbili, akaacha pengo la kumtosha mtoto. Kila alasiri Mishi anapenya, anakuja kukaa chini ya meza ya cherehani. Na kila wiki ya nne anapelekwa kuchomwa sindano na jirani yake, ambaye Rozalia humpitisha bila hata kumwomba mkono.

Hapo ndipo Mwasiti alipokwama. Bangili ingekuwa nyekundu walau siku moja, angempata mtoto wake na angeipoteza sindano. Aliiomba iwake, na aliogopa isije ikawaka. Nayo haikuwaka.

Alasiri moja alizima cherehani katikati ya mshono, akamwita.

"Mishi. Mchezo umeisha. Uliisha siku nyingi."

Mishi akatoka chini ya meza na vipande vya kitambaa kwenye nywele. Akatazama bangili. "Bado, jirani," akasema kwa upole, kama anavyosema mtu mwenye kumwonea huruma aliyesahau. "Kijani."

"Hii haijui. Njoo uweke sikio hapa."

Mishi akasita. Kisha akapanda mapajani, akalaza sikio kwenye kifua cha Mwasiti, akatulia. Mwasiti hakuthubutu kumshika. Aliweka mikono juu ya meza, mmoja kwenye kitambaa, mmoja kwenye gurudumu la cherehani.

"Kuna kitu kinakimbia," Mishi akasema.

"Ndiyo."

"Kinakimbia sana."

"Kimekuwa kikikimbia tangu ulipoumwa. Wakati ule wa kioo ndio kilikimbia kuliko siku zote."

"Na wakati wa yai?"

"Na wakati wa yai."

Mishi akainua kichwa. Akatazama bangili, akatazama kifua, akatazama tena bangili, kama mtu aliyepewa saa mbili zinazopishana na anatakiwa aseme ni saa ngapi. Upande wa pili wa ukuta Mzee Shomari alikohoa, akaita kwamba uji unapoa. Mishi akateremka, akajipangusa gauni, akaenda mpaka kwenye pengo, akasimama pale, mguu mmoja ua huu, mguu mmoja ua ule.

"Nitasikiliza tena kesho," akasema.